Anayegoma kulala mchana ana sababu zake

*Familia nyingi hupambana na mtoto pale anapolazwa. Mambo yanayoamua kama atalala huwa yameshatokea saa nyingi kabla.*

Ni saa nane mchana Mbagala. Bati limeshika moto, feni inazungusha joto lile lile, na mtoto wa miezi kumi yuko mgongoni mwa dada anayemlea, macho mekundu, vidole vikivuta sikio. Kila akilazwa godoroni anajipinda na kupiga kelele mpaka jirani anachungulia. Amepewa chupa, amebembelezwa, amewekewa katuni za simu, mwishowe amefokewa. Jirani anasema ni chango. Bibi, aliyepigiwa simu Tanga, anataka aangaliwe kama hana zongo. Na duka la dawa la mtaani lina kichupa cha dawa ya mafua ambacho kila mtu anajua kwamba huleta usingizi. Hakuna haja ya kutaja nyumba ni ya nani, maana mchana kama huo upo Buguruni, upo Kayole, Likoni na Mwanakwerekwe, na upo pia katika fleti za Masaki zenye viyoyozi.

Hoja ninayoitetea hapa ni moja. Mtoto mdogo anayekataa kulala mchana, mara nyingi usingizi wenyewe haukatai. Anachokikataa ni namna siku yake ilivyopangwa na watu wazima: saa aliyoamshwa, usingizi wa asubuhi ulipoishia, alichokula, mwanga na kelele alizokuwamo, na mikono mingapi imempokea tangu kukuche. Anayeanza kushughulika na usingizi wa mtoto saa nane, tayari amechelewa. Na kama hilo ni kweli, basi lawama nyingi tunazomtupia mtoto kwa kumwita mtundu, na tunazomtupia dada wa kazi kwa kumwita mzembe, zinakwenda kwa wasiohusika.

Usingizi huanza kujengwa asubuhi

Mwaka 1982 mtafiti wa Zurich, Alexander Borbély, aliueleza usingizi kwa namna ambayo wataalamu wanaitumia hadi leo. Alisema kuna nguvu mbili. Ya kwanza ni haja ya kulala, ambayo huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho na kupungua anapolala. Ya pili ni saa ya mwili, inayofuata mwanga na giza, ambayo huamua ni wakati gani haja hiyo itapata njia. Nguvu hizo mbili zikikutana, mtu hulala vizuri. Kwa mtoto mdogo mambo ni hayo hayo, ila haja yake hupanda haraka mno. Baba yake anaweza kukaa macho saa kumi na sita. Yeye, akiwa na miezi sita, saa mbili au tatu zinatosha kumchosha. Tena hazaliwi na saa ya mwili ikiwa imekamilika. Hujipanga polepole katika miezi michache ya mwanzo, ikisaidiwa na mwanga wa asubuhi na giza la usiku.

Ukiyashika hayo mawili, ugomvi wa saa nane unaanza kueleweka. Kuna mtoto aliyelala asubuhi tangu saa nne hadi saa sita na nusu, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na anayemlea alikuwa na ndoo mbili za nguo. Akilazwa saa nane, haja yake ya usingizi bado ni ndogo. Anacheka, anasimama, anashika neti, anataka kushuka. Kuna mwingine aliyeamka saa kumi na moja alfajiri mama alipokuwa akijiandaa kuwahi daladala, akasinzia dakika ishirini mgongoni njiani kwenda sokoni, na tangu hapo hajafumba jicho. Kufika saa nane huyu amechoka kupita kiasi, na mtoto aliyechoka hivyo hatulii. Hulia, hujikaza, humsukuma hata anayempenda. Wa kwanza anahitaji saa nzima zaidi ya kucheza. Wa pili alipaswa kulazwa tangu saa tano. Ukiwatendea kwa namna moja, utamkosea mmoja wao kila mara.

> Wote wawili wanaitwa watundu. Mmoja analazwa mapema mno, mwingine usingizi umeshampita.

Kwamba uchovu humfanya mtoto awe mkali badala ya kumlegeza si dhana ya mitaani tu. Mwaka 2012 watafiti wa kundi la Monique LeBourgeois, wa Chuo Kikuu cha Colorado, walichapisha matokeo ya watoto 10 wa miezi 30 hadi 36 walionyimwa usingizi wao wa mchana kwa siku moja. Walipopewa fumbo la picha linaloweza kukamilika, walionyesha furaha kidogo kuliko siku waliyolala. Walipopewa lisilokamilika, hasira zao zilizidi. Watoto 10 ni wachache, na hao walikuwa wakubwa kuliko wa miezi kumi. Hata hivyo matokeo yanaeleza jambo ambalo kila anayelea ameliona: mtoto aliyekosa usingizi hukosa pia uwezo wa kuvumilia, na kulazwa ni mojawapo ya mambo yanayohitaji uvumilivu.

Sasa, mtoto alale kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa 2019, linataja saa 12 hadi 16 kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, na saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja hadi miwili, kwa kujumlisha mchana na usiku. Tazama upana wa hesabu hiyo. Kati ya saa 12 na 16 mnaingia watoto wawili tofauti kabisa, na wote ni wazima. Utafiti wa Zurich uliochapishwa mwaka 2003, uliofuatilia watoto 493 kwa miaka mingi, ulipata wastani wa saa 14.2 kwa siku katika umri wa miezi sita, na tofauti ya saa mbili juu au chini ya wastani ilikuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo majedwali yanayosambaa kwenye simu, yanayoagiza mtoto wa miezi saba alazwe baada ya saa mbili na dakika arobaini na tano, yanajidai kuwa na uhakika ambao sayansi haina.

Kinachosaidia kuliko jedwali la mtu mwingine ni kipande cha karatasi. Kwa siku nne au tano mfululizo, andika saa aliyoamka, saa aliyosinzia, saa aliyozinduka na saa aliyokula. Andika pia dalili za kwanza: anapoacha mchezo alioupenda, anapotazama mbali, anapopikicha macho, anapolilia kitu alichokuwa akikivumilia. Katika siku hizo chache familia nyingi zitagundua kwamba mtoto huonyesha haja ya kulala karibu wakati ule ule kila siku, nusu saa huku au huko, na kwamba wakati huo ndio hasa nyumba huwa inakaribisha wageni, inapika, au inamwogesha.

Mgongo wa bibi

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba bibi zetu hawakuandika saa za mtu. Mtoto alifungwa mbeleko, mama akaendelea kulima au kutwanga, na usingizi ukamkuta hapo hapo. Ni kweli, na ushahidi upo. Miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, katika jamii ya Wakipsigis, nyanda za juu za magharibi ya Kenya, wakalinganisha usingizi wa watoto wa huko na wa miji ya Marekani. Mtoto wa Marekani alipofikisha miezi minne alikuwa analala kama saa nane mfululizo usiku. Wa Kokwet alilala na mama yake, akaamka kunyonya, na kipande chake kirefu cha usingizi hakikuongezeka sana hata miezi ilipozidi. Mchana alibebwa na mama au na wasichana wa familia, akasinzia na kuamka kadiri mwili ulivyotaka. Hakuna aliyeliita hilo tatizo, kwa sababu hapakuwa na saa ya ofisi iliyokuwa ikimsubiri mama.

Mimi naona hoja ya wazee inaunga mkono ninachokisema. Mgongo ulimpa mtoto kila ambacho usingizi unahitaji: mwili wa mtu anayemjua, mwendo usiokatika, kivuli cha kanga, na zaidi ya yote uhuru wa kulala pale haja inapofika bila kungoja ratiba ya mtu mzima. Hiyo ilikuwa mipango, ila haikuandikwa. Na maabara imeanza kueleza kwa nini ilifanya kazi. Mwaka 2013 timu ya Kumi Kuroda katika taasisi ya RIKEN ya Japani ilionyesha kwamba mtoto anayelia, akibebwa na mtu anayetembea, mapigo ya moyo wake hushuka na mwili hulegea. Akibebwa na mtu aliyekaa tu, utulivu huo hauji. Mwaka 2022 walirudi na kazi nyingine iliyohusu watoto 21: tembea na mtoto kama dakika tano, akishasinzia kaa naye kimya dakika tano hadi nane, ndipo umlaze. Waliona pia kwamba kinachomzindua ni kule kuanza kuachana na mwili wa aliyembeba, kuliko godoro lenyewe. Kwa hiyo anayemfungua mtoto mgongoni mara tu jicho linapofumba, kisha akashangaa kwamba ameamka, amekosea dakika chache tu.

Na wale wanaosema kubeba kunamdekeza? Kwa mtoto wa miezi minne au sita sioni ushahidi wa kuwapa haki. Mpaka upo, lakini ni wa mwili. Mwongozo ule ule wa WHO unashauri mtoto asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kigari, kwenye kiti au mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo, maana viungo vinahitaji kujinyoosha na mtoto anahitaji kutambaa. Asubuhi yenye kutambaa chini kwenye mkeka, nje kwenye mwanga wa barazani, hujenga usingizi wa mchana. Asubuhi ya kufungwa mgongoni au kuketishwa mbele ya televisheni huuvuruga.

Kilichobadilika tangu enzi za bibi ni maisha yaliyomzunguka mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, ni miezi mitatu. Piga hesabu: mama anarudi kazini wakati ambapo saa ya mwili ya mwanawe ndiyo kwanza inaanza kushika. Mpango wa usingizi wa mtoto wa mjini unajengwa katika mikono ya mtu mwingine, na mtu huyo ana chakula jikoni, nguo kwenye kamba na maji ya kuteka. Mama anayeuza mboga sokoni au anayefanya vibarua hana hata hizo siku 84.

> Mama anarudi kazini wakati saa ya mwili ya mwanawe ndiyo kwanza inaanza kushika.

Vipindi vya kuhama

Sehemu kubwa ya migomo hutokea katika vipindi vinavyotabirika, na kuvijua kunapunguza hofu. Karibu na miezi minne usingizi wa mtoto hubadilika umbo. Mzunguko wake mmoja ni wa dakika hamsini hivi, mfupi kuliko wa mtu mzima, na mwisho wa kila mzunguko anaweza kuzinduka. Ndiyo sababu ya ule usingizi wa dakika arobaini unaomkatisha tamaa mama. Kati ya miezi minane na kumi anajifunza kutambaa na kusimama, na wakati huo huo anaanza kuogopa kuachwa. Huyu wa Mbagala yuko hapo. Anayejua kwamba mtu akitoka mlangoni ametoweka, kwa nini afumbe macho? Kwake, dawa ya mchana ni mchezo wa kujificha na kujitokeza asubuhi, na mtu yule yule anayemlaza kubaki karibu mpaka ashikwe na usingizi.

Kipindi kinachowachanganya wengi zaidi ni kati ya mwaka mmoja na robo na mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo watoto wengi hulala mara mbili, asubuhi na alasiri. Kisha haja inapungua mpaka inatosha usingizi mmoja tu, lakini mwili hauhami kwa siku moja. Katika wiki hizo mtoto hulala vizuri asubuhi na kukataa kabisa alasiri, halafu saa kumi na moja jioni anaanguka kwenye sahani ya wali. Watu wazima wanaona amegoma kulala mchana, wakati ukweli ni kwamba ameutumia usingizi wake mapema. Njia ni kuusogeza ule wa asubuhi mbele kidogo kidogo, dakika kumi na tano leo, kumi na tano tena baada ya siku mbili au tatu, na kumwamsha kwa upole ukizidi saa moja, mpaka usingizi mmoja uangukie saa sita au saa saba, baada ya chakula. Siku chache za kati zitakuwa ngumu, na katika siku hizo alazwe usiku mapema kuliko kawaida.

Mazingira ya chumba sitayasemea sana, ingawa yana uzito. Pazia zito au kitenge dirishani, feni isiyompiga usoni, mtoto akivuliwa abaki na nguo moja nyepesi, redio ya jirani ikifunikwa na sauti moja isiyobadilika. Katika miezi ya Januari hadi Machi, wakati joto la pwani linapita nyuzi 30, kumfuta mwili kwa maji ya vuguvugu kabla ya kumlaza kunasaidia, na nyumba ya bati mara nyingi ina upande mmoja wenye nafuu. Alazwe chali, kwenye godoro lililo imara, bila mto na bila kanga usoni, ndani ya neti. Kochi si mahali pa kumlaza mtoto, hata akiwa amesinzia hapo mwenyewe.

“Mwache, atalala usiku”

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: kwa nini tuhangaike? Asipolala mchana atalala usiku. Kwa mtoto aliyevuka miaka miwili, wanaosema hivyo wana hoja ya kweli. Mwaka 2015 Karen Thorpe na wenzake wa Australia walikusanya tafiti zilizokuwapo wakaona kwamba baada ya umri wa miaka miwili, usingizi wa mchana huendana na kuchelewa kulala usiku. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anayelazimishwa kulala saa tisa, kisha akacheza mpaka saa tano usiku, hana kosa. Huyo apewe muda wa kupumzika na kitabu cha picha, asilazimishwe.

Lakini wengi hulichukua hilo wakamshushia mtoto wa miezi kumi, na hapo ndipo hoja inapokatika. Kwa mtoto wa umri huo usingizi wa mchana ni sehemu ya kazi ya ubongo. Mwaka huo huo wa 2015, Sabine Seehagen wa Ujerumani na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 216 wa miezi 6 na 12. Walionyeshwa vitendo rahisi kwa kikaragosi cha mkononi. Waliopata usingizi wa angalau dakika 30 ndani ya saa nne baada ya somo hilo ndio waliovikumbuka. Wasiolala walikuwa kama wasioonyeshwa kitu. Fikiria maana yake kwa mtoto anayejifunza maneno, nyuso na namna ya kushika kijiko. Anajifunza asubuhi nzima, na usingizi ndio unaomsaidia kuyatunza. Anayemkosesha mchana ili alale usiku anamlipisha bei asiyoiona. Na hata usiku wenyewe mara nyingi hauji kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa mtoto aliyechoka kupita kiasi hulala kwa shida na kuzinduka mara nyingi.

La maana ni kuweka mwisho: kwa wengi wa mwaka mmoja na kuendelea, usingizi wa mchana usipite saa kumi jioni.

Kichupa, kikombe na damu

Turudi kwenye kile kichupa. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi hutolewa kwa watoto kimyakimya, wakati mwingine na anayelea, wakati mwingine na mzazi mwenyewe. Hili halina pande mbili. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la juu kabisa kwamba promethazini, ambayo ni mojawapo ya dawa hizo, isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kudhoofisha pumzi hadi kuua. Mtoto aliyelewa dawa anaonekana amelala. Anayemtazama hawezi kujua kama anapumua inavyotakiwa. Mzazi anayemkuta mtoto amelala mno kila jioni aulize alichopewa, aulize kwa utulivu, maana dada anayeogopa kufukuzwa hatasema kweli. Hali kadhalika uji kabla ya miezi sita, unaopewa ili “ashibe alale”. WHO inataka maziwa ya mama pekee kwa miezi hiyo sita, na tumbo lisilo tayari linaweza kusumbuka kwa yale maumivu tunayoyaita chango.

Kikombe cha chai nacho kinasahaulika. Katika nyumba nyingi mtoto wa mwaka mmoja hupewa chai ya maziwa asubuhi na mkate au maandazi, na tena alasiri. Majani ya chai yana kafeini, inayofukuza usingizi, na yana vitu vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Hilo la pili ni zito zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022, zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanyika Nepal na Zanzibar kwa watoto wa miezi 6 hadi 18, ulionyesha kwamba wenye upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma walilala usiku muda mfupi zaidi na kuamka mara nyingi zaidi. Usiku ukiharibika, mchana unafuata. Kwa hiyo mtoto ambaye usingizi wake umevurugika kwa wiki kadhaa, mchovu, mweupe viganjani, asiye na hamu ya kula, anastahili kupimwa damu kabla ya kutafutiwa zongo. Mwenye homa, anayelia akiguswa sikio, au anayekoroma na kukata pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

> Anastahili kupimwa damu kabla ya kutafutiwa zongo.

Alie au asilie?

Limebaki suala linalogawa wazazi kuliko mengine. Kitabu cha daktari wa Marekani Richard Ferber cha mwaka 1985 kiliwafundisha wengi kumlaza mtoto, kutoka, na kurudi kwa vipindi vinavyozidi kurefuka huku akilia. Wanaoipinga njia hiyo wanasema inamjeruhi mtoto moyoni. Ushahidi hauwaungi mkono moja kwa moja: mwaka 2012 watafiti wa Australia walirudi kwa watoto ambao familia zao zilifundishwa njia za namna hiyo walipokuwa wachanga, wakawapima wakiwa na miaka sita, wasione madhara ya kudumu. Wala hawakuona faida ya kudumu.

Hata hivyo nadhani njia hiyo haifai mchana, kwa sababu isiyohusu huruma. Utafiti huo ulihusu hasa usiku, wakati haja ya kulala na saa ya mwili zote zinamvuta mtoto upande mmoja. Mchana mvuto huo ni dhaifu, hivyo kilio cha nusu saa mara nyingi humzindua zaidi. Ongeza chumba cha kupanga chenye ukuta mmoja na jirani anayelala baada ya zamu ya usiku, na utaona kwamba ushauri huo uliandikwa kwa nyumba za namna nyingine. Nafuu ni hii: mwandae kwa mambo yale yale kwa mpangilio ule ule, pazia, kufutwa, wimbo mmoja wa kubembeleza, kutembea naye, kukaa naye. Dakika ishirini zikipita hajalala wala hana dalili, mtoe, mpe saa moja ya mchezo, mjaribu tena. Kumng'ang'ania kwa saa nzima kunamfundisha kwamba godoro ni mahali pa ugomvi.

Ratiba inashikwa na nani?

Haya yote yanaanguka kama kila mtu ana ratiba yake. Mama anamlaza saa saba Jumamosi, dada anamlaza saa tisa Jumatatu, bibi akija anambeba kutwa, na kituo cha mchana kinawalaza watoto ishirini kwa pamoja saa sita na nusu, awe wa miezi minane au wa miaka minne. Nchini Tanzania vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Desemba 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Programu hiyo inazungumza kwa haki kuhusu afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji na malezi yenye mwitikio. Usingizi uhesabiwe waziwazi ndani ya hayo. Mkaguzi wa kituo anayehesabu vyoo na vikombe aulize pia watoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu wanalala wapi, saa ngapi, na kama yupo mtu wa kuwashika wale ambao muda wao haujafika. Muuguzi wa kliniki anayempima mtoto uzito anaweza kuongeza swali moja: mchana analala vipi?

Mzazi asingoje programu. Anayekaa na mtoto kutwa ndiye anayemjua mchana wake, na apewe mamlaka yanayolingana na kazi hiyo. Kesho asubuhi kabla hujatoka, mwambie dada saa ambayo mtoto aliamka na saa aliyonyonya mara ya mwisho. Mwachie ile karatasi na kalamu. Kisha mruhusu, kwa maneno yanayosikika, aviache vyombo vikae bila kuoshwa mpaka mtoto alale.